Huduma za kuthibitisha umri wa wakongwe: tathmini kwa jalada la Jeanne Calment

Jeanne Calment wa Arles, kusini mwa Ufaransa, alizaliwa tarehe 21 Februari 1875 na akafariki tarehe 4 Agosti 1997. Hesabu yake ni miaka 122 na siku 164. Hakuna mwingine mwenye nyaraka zinazokubalika aliyewahi kufika hata 120. Anayemfuata, Kane Tanaka wa Japani, alifariki Aprili 2022 akiwa na miaka 119 na siku 107.

Rekodi kama hii ina thamani ya ukaguzi wake tu, na leo ukaguzi huo ni huduma ambayo familia yoyote yenye mkongwe inaweza kuiomba. Zinazotajwa zaidi ni nne. Gerontology Research Group (GRG) ilianzia Los Angeles mwaka 1990. LongeviQuest ni changa zaidi. International Database on Longevity (IDL) ni hifadhidata iliyojengwa na wanademografia, yaani watafiti wa takwimu za idadi ya watu, wakiwemo wa taasisi za INED ya Ufaransa na Max Planck ya Rostock, Ujerumani. Nao Guinness World Records ndio wenye cheti kinachofika magazetini. Tumezipima zote kwa jalada la Bibi Calment, kwa sababu hakuna jalada lililokaguliwa kwa undani kama hilo, wala lililoshambuliwa kwa ukali kama hilo.

Tuanze na kazi yenyewe. Familia nyingi hudhani cheti cha kuzaliwa kinamaliza kila kitu. Cheti kinaonyesha kwamba siku fulani, mahali fulani, mtoto wa fulani alizaliwa. Kama ajuza aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu ndiye mtoto yule, hilo ni swali jingine, na ndilo lililowaangusha wadai wengi. Ndiyo maana GRG wanataka nyaraka za vipindi vitatu: za utotoni, yaani kuzaliwa, ubatizo au sensa ya ndani ya miaka 20 ya kwanza, za katikati ya maisha, hasa cheti cha ndoa, na za uzeeni, kwa kawaida kitambulisho chenye picha. Utaratibu huu ni mzuri, nasi tunaupa alama za juu. Kipindi cha katikati ndicho kigumu kuliko vyote, na ni kigumu zaidi kwa wanawake, kwa sababu ndoa hubadilisha jina, makazi na kaya kwa mpigo mmoja.

Kwa Bibi Calment kipindi hicho kina bahati na hatari pamoja. Tarehe 8 Aprili 1896 aliolewa na Fernand Calment, ndugu yake wa mbali: babu zao wa upande wa baba walikuwa ndugu, na bibi zao wa upande huo nao walikuwa ndugu. Hivyo hakubadili ubini, na mtafutaji anaweza kumfuata Calment yuleyule kutoka nyumba ya wazazi hadi ya mume. Hatari ni kwamba binti yake Yvonne, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1898, naye alikuwa Calment mpaka alipoolewa na ofisa wa jeshi, Joseph Billot, mwaka 1926. Wanawake wawili wa ubini mmoja katika nyumba moja ni jambo ambalo mthibitishaji makini hulipigia mstari siku ya kwanza.

Ufaransa ina kitu ambacho nchi nyingi hazina. Pembeni mwa ukurasa wa kuzaliwa, mwandishi wa daftari huongeza maelezo ya baadaye: ndoa kufuatana na sheria ya mwaka 1897, kifo kufuatana na agizo la mwaka 1945. Ukurasa mmoja unaweza hivyo kubeba maisha yote ya mtu. Ndoa ya Bibi Calment iliitangulia sheria hiyo kwa mwaka mmoja, kwa hiyo uzito uliangukia cheti cha ndoa chenyewe, ambacho Ufaransa hutaja wazazi pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa, na ukaangukia sensa. Hizi ndizo mfupa wa mgongo wa jalada zima. Ametajwa katika sensa kuanzia ile ya mwaka 1876, akiwa mtoto mchanga, hadi ya mwaka 1975 akiwa na miaka 100. Sensa za Ufaransa zilifanyika kila baada ya miaka 5 hadi mwaka 1936, isipokuwa wakati wa vita, na karani aliorodhesha kila aliyemo ndani ya nyumba pamoja na uhusiano wake na mkuu wa kaya. Mwongo anaweza kujitungia tarehe moja. Kutunga mpangilio wa kaya unaokaa sawa kwa karne nzima, mbele ya makarani tofauti, ni kazi nyingine kabisa.

Walioikamilisha kazi hiyo ni mwanademografia Jean-Marie Robine na daktari Michel Allard, pamoja na Dkt. Victor Lèbre aliyekuwa akimtibu. Walimhoji mara nyingi katika makao ya wazee ya Maison du Lac, wakamwuliza majina ya walimu, ya watumishi wa nyumbani na ya jamaa, kisha wakaenda kuyatafuta kwenye kumbukumbu za mji. Njia hii inasifika kwa haki. Mkongwe haulizwi umri wake, anaulizwa vitu vidogo ambavyo hakuna sababu ya kuvikariri, na jibu linapimwa kwa karatasi ambayo yeye hajaiona. Kasoro yake ni kwamba binti aliyekulia katika nyumba ileile angeweza kusikia mengi kati ya hayo, kwa hiyo mahojiano yanasaidia ushahidi lakini hayaubebi. Huduma yoyote inayoweka simulizi za mkongwe mbele ya daftari, tungeikimbia.

Mambo yanayopendwa zaidi katika maisha yake yanatakiwa kusomwa kwa kipimo hicho. Kwamba alimwona Vincent van Gogh ni simulizi yake mwenyewe. Mchoraji huyo aliishi Arles kuanzia Februari 1888 hadi Mei 1889, Jeanne akiwa na miaka 13 hadi 14, kwa hiyo inawezekana, ila haithibitishi siku hata moja ya umri wake. Upanga wa mchezo akiwa na miaka 85, baiskeli hadi 100, mafuta ya zeituni, mvinyo wa porto, chokoleti inayokaribia kilo moja kwa wiki: haya ni mazungumzo, nayo hayapaswi kuuzwa kama siri ya maisha marefu. Sigara ni mfano mzuri wa tofauti. Kuanza akiwa na miaka 21 ni neno lake. Kuacha akiwa na miaka 117 kulitokea mbele ya wauguzi. Tangu alipohamia makao ya wazee mwaka 1985, karibu na kutimiza miaka 110, maisha yake yana mashahidi wa kila siku. Alivunjika paja Januari 1990, akabaki kwenye kiti cha magurudumu. Vipimo vya akili alivyofanyiwa na mtafiti Karen Ritchie, vilivyochapishwa mwaka 1995, vilimkuta akiwa na miaka 118 na kumbukumbu ya maneno inayolingana na ya watu wa elimu yake walio katika miaka ya 80 na 90, bila dalili ya ugonjwa wa ubongo unaoendelea.

Waraka mmoja unaopewa uzito mdogo kuliko unavyostahili ni mkataba wa nyumba. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, aliuza nyumba yake kwa utaratibu wa viager: mnunuzi hulipa kila mwezi maadamu muuzaji yu hai, na huipata nyumba akifa. Mnunuzi alikuwa wakili wa mikataba, André-François Raffray, mwenye miaka 47, kwa faranga 2,500 kwa mwezi. Alilipa miaka 30 hadi alipofariki Desemba 1995, na mjane wake akaendelea kulipa, mpaka jumla ikapita mara mbili ya thamani ya nyumba. Watu huisimulia kama bahati mbaya ya Raffray. Kwa mthibitishaji ni ushahidi wa aina adimu, kwa sababu katika viager umri wa muuzaji ndiyo bei. Mtaalamu wa nyaraka alikuwa na kila sababu ya kifedha ya kuhakikisha kwamba mbele yake yuko mwanamke wa miaka 90 na si wa 67.

Sitini na saba ndio umri ambao Yvonne angekuwa nao mwaka huo, na hapo ndipo shambulio lilipoelekezwa. Mwaka 2018 Warusi wawili, mwanahisabati Nikolay Zak na daktari Valery Novoselov, walidai kwamba aliyefariki tarehe 19 Januari 1934 ni Jeanne, na kwamba Yvonne alichukua jina la mama yake ili familia ikwepe kodi ya mirathi. Kama ni kweli, aliyezikwa mwaka 1997 alikuwa na miaka 99. Hoja zao zilitegemea kulinganisha picha na saini, kasoro katika mahojiano, na ukweli kwamba karatasi na picha za familia zilichomwa moto, inavyoripotiwa kwa agizo la Bibi Calment mwenyewe.

Madai haya yalistahili kujibiwa, na mwaka 2019 Robine, Allard na wenzao walijibu kwa nyaraka. Yvonne alikuwa mgonjwa wa mapafu kwa miaka kadhaa na alipelekwa kutibiwa Leysin, Uswisi. Mazishi yake yalifanyika hadharani katika mji ambao familia hiyo ya wafanyabiashara ilijulikana na kila mtu. Sensa za 1931 na 1936 zinakaa kila upande wa tarehe inayodaiwa. Nasi tungeongeza hesabu ya watu: Fernand angepaswa kuishi na binti yake kama mke hadi alipofariki mwaka 1942, Joseph Billot angepaswa kumwita mkewe mama mkwe, na mtoto Frédéric, aliyezaliwa Desemba 1926, angepaswa akiwa na miaka 7 kuanza kumwita mama yake bibi bila kuteleza shuleni wala kanisani. Jalada linasimama. Hata hivyo shambulio lilifichua udhaifu wa huduma nzima: tangu mwanzo, uthibitisho ungepaswa kuandika wazi kwa nini mtu wa pili mwenye nafasi ya kubadilishana naye hakuwa yeye. Leo tungekataa ripoti yoyote isiyo na sehemu hiyo.

Kipo pia kipimo cha vinasaba ambacho kingekata shauri. Kwa sababu Jeanne na Fernand walichangia mababu, katika ngazi ya nne ya mababu Yvonne ana watu 12 badala ya 16, na athari yake huonekana katika vipande vinavyofanana vya vinasaba. Jeanne asingekuwa na alama hiyo. Hakuna kati ya huduma hizi nne inayodai kipimo kama hicho, na kwa waombaji wengi hakihitajiki. Kwa mwenye kuvunja rekodi ya dunia, sampuli ya damu iliyohifadhiwa kwa ridhaa yake akiwa hai ingepaswa kuwa sharti.

Makosa yanayoharibu majalada hujirudia. La kwanza ni wajina. Mtoto anafariki, anayefuata anapewa jina lilelile, na daftari linabaki na ukurasa wa yule wa kwanza. Ndivyo anavyoshukiwa Shigechiyo Izumi wa Japani, aliyetangazwa kuwa amefika miaka 120 na siku 237 alipofariki mwaka 1986 na kukaa miaka mingi katika orodha ya Guinness kabla ya kuondolewa. Ndugu wa kosa hilo ni kuchanganya vizazi: Pierre Joubert wa Quebec alihesabiwa miaka 113 mpaka ilipogundulika kuwa nyaraka zilikuwa za watu wawili wa jina moja. Dawa ni moja: orodha kamili ya ndugu wote wa mkongwe, kila mmoja na tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, na nafasi kati ya uzazi na uzazi. Palipo na pengo la miaka mingi, au watoto wawili wa jina moja, kazi inasimama hadi pajibiwe.

Kosa jingine ni la pensheni. Mwaka 2010 maofisa wa Tokyo walikwenda kumpongeza Sogen Kato, aliyedhaniwa ana miaka 111, wakakuta mabaki ya mtu aliyefariki yapata mwaka 1978. Ukaguzi uliofuata ulikuta zaidi ya watu 230,000 wa miaka 100 na zaidi walio hai kwenye madaftari ya familia lakini hawajulikani walipo. Ndiyo maana mthibitishaji lazima amwone mkongwe kwa macho, siyo jina lake tu. Mtafiti Saul Newman, aliyepewa mwaka 2024 tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kisha ukafikirisha, ameonyesha pia kwamba katika majimbo ya Marekani idadi ya waliovuka 110 ilishuka kwa asilimia 69 hadi 82 vyeti vya kuzaliwa vilipoanza kutolewa. Tarakimu hiyo ilitokana na orodha ya GRG wenyewe, na ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuzipima kwa ukali huduma tunazozitathmini.

Sasa hukumu. Kwa familia yenye mkongwe aliye hai, GRG na LongeviQuest ndio wa kwenda kwao. GRG wana uzoefu mrefu na kanuni yao ya vipindi vitatu inaeleweka. LongeviQuest wana kurasa nzuri za wasifu na picha, na hupenda kumtembelea mkongwe. Udhaifu wa wote wawili ni kwamba wanapokea wanaojitokeza. Mtu hujulikana zaidi akifika 114 kuliko akiwa 110, na waliokufa kimya katikati wanakosekana, kwa hiyo orodha zao hazifai kukokotoa uwezekano wa kifo.

IDL ilijengwa kuziba pengo hilo. Haipokei maombi ya familia: huanza na orodha rasmi ya serikali ya wote waliofika umri fulani, kisha humkagua kila mmoja au sampuli. Kutoka humo ndipo mtafiti Jutta Gampe alipopata kwamba baada ya miaka 110 uwezekano wa kufa ndani ya mwaka unakaa karibu na nusu. Kwa kipimo hicho, mtu wa miaka 110 ana nafasi 1 kati ya 4,096 ya kufika 122: ni kugawa kwa mbili mara 12. Kati ya maelfu ya waliovuka 110, mmoja kufika huko ni nadra, lakini si muujiza, na hesabu hii inamtetea Bibi Calment vizuri kuliko chokoleti zake zote. Ukitaka kuelewa uzee, nenda IDL. Ukitaka jina la bibi yako litambuliwe, haitakusaidia.

Guinness tunawaweka mwisho kwa uchunguzi na mwanzo kwa umaarufu. Wanashughulika na taji tu: mkongwe kuliko wote walio hai, mkongwe kuliko wote waliopata kuishi. Bibi yako wa miaka 111 hana pa kuingilia hapo.

Msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda atauliza kama huduma hizi zinamfikia. Zinamfikia, kwa sharti la karatasi za zamani. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa uzeeni kwa hati ya kiapo hakihesabiki, na tarehe 1 Januari kwenye kitambulisho humjulisha mkaguzi mara moja kwamba mwaka ulikadiriwa. Kuzaliwa "wakati wa Maji Maji" kunatoa kipindi cha 1905 hadi 1907, na kipindi hakithibitishwi. Kipande, yaani kitambulisho cha Kenya ya kikoloni, walibebeshwa wanaume, hivyo kwa bibi hakisaidii. Tumaini kubwa liko kwenye madaftari ya misheni, kama ya Rabai iliyoanza mwaka 1846 au Bagamoyo mwaka 1868, ikiwa mtoto alibatizwa akiwa mchanga. Aliyebatizwa mkubwa alikadiriwa umri na padri au mchungaji, na makadirio hayo hayana nguvu.

Ukienda parokiani, usiridhike na cheti kipya kilichonakiliwa kwa mkono wa katibu wa leo. Omba picha ya ukurasa mzima wa daftari la asili, wenye majina ya waliotangulia na waliofuata siku hiyo, kwa sababu mfuatano wa namba na mwandiko ndio unaoonyesha kuwa jina halikuchomekwa baadaye. Piga picha ya pembeni pia: daftari la Kikatoliki huwa na maelezo ya kipaimara na ndoa, na hapo kipindi cha katikati kinapatikana bila kusafiri tena. Kisha tafuta ubatizo wa ndugu zake wote, cheti cha ndoa au hati ya nikaha, ubatizo au vyeti vya watoto wake vinavyomtaja mama kwa jina kamili, na picha zake za miaka tofauti zenye tarehe. Majina yakitofautiana, kama la ubatizo na la nyumbani, andika ukurasa mmoja wa maelezo na uambatanishe waraka wenye majina yote mawili. Tuma nakala tu. Daftari la asili lisiondoke parokiani.